Boga la Nyumba ya Bibi Mokami

Elieth alianza kazi ya mafuta kwa kuomba takataka. Alikuwa akishuka mjini Tarime saa za mchana akiwa na ndoo mbili, akipita kwenye vibanda vya juisi na kwa wauza matunda ya kukatwa, akiomba mbegu za tikiti na papai, na za boga kwa mama lishe waliopika maboga. Walimcheka sana. Adhiambo, mama wa Kijaluo mwenye kibanda cha juisi karibu na stendi, alimuuliza mbele ya wateja kama huko kwao mlimani wameishiwa mahindi mpaka sasa wanapanda jalala. Elieth akasema anakwenda kukamua mafuta ya kupikia.

"Basi ukishakamua uniletee," Adhiambo akamwambia, "nikakaangie takataka zangu zilizobaki."

Alimletea kweli, kwenye chupa ndogo ya soda. Adhiambo alikaangia samaki wake jioni hiyo, na kesho yake Elieth alikuta ndoo yenye mfuniko imewekwa kando kwa ajili yake, mbegu hazijachanganywa na maganda. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena pale stendi, ila walimbandika jina: Mama Mbegu.

Sisi majirani tulimwita Mama Werema, kwa jina la mwanawe. Nyumba yangu iko chini kidogo ya yake, upande wa juu wa Nyamisangura ambako mji umepanda mpaka ukakutana na mashamba, na kinachotutenganisha ni ua wa minyaa tu. Nilirudi hapa kufundisha nilipotoka chuoni, nikamkuta tayari ni mama wa watoto. Kwa hiyo mengi ninayoyaandika niliyaona kwa macho yangu, na mengine aliniambia mwenyewe tukiwa tumekaa nje tunapeta mbegu.

Aliletwa Nyamisangura akiwa msichana kutoka Genkuru, na aliyetoa ng'ombe za mahari hakuwa mwanamume. Alikuwa Bibi Mokami, mjane aliyezaa mabinti watupu, na wote wameolewa mbali. Kwa Wakurya, nyumba isiyo na mtoto wa kiume haiachwi ife. Mwanamke mwenye ng'ombe anaweza kuoa mwanamke mwenzake, na watoto ambao huyo atazaa na mwanamume aliyechaguliwa wakawa wa nyumba yake. Ndoa hiyo inaitwa nyumba ntobhu. Yanasemwa mengi juu yake, na mengine ni kweli, maana wako wasichana walioozwa hivyo wakalia miaka yao yote. Elieth hakuwa mmoja wao. Aliniambia kwamba siku anafika alikuwa na hofu ya kukuta mama mkwe mkali, na badala yake akamkuta mwanamke anayemwogopa yeye. Bibi Mokami alimkaribisha kama mtu anayepokea kitu cha kuvunjika, akampa kiti chake, akabaki amesimama.

Hakuwa na mengi ya kumrithisha. Shamba lilikuwa limemegwa vipande na mji, na ng'ombe wengi walikuwa wamekwenda kwenye mahari. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokiita chake bila kusita, nacho ni boga. Lilikuwa boga dogo, ganda la rangi ya jivu, gumu kiasi kwamba lilipasuliwa kwa panga. Ndani lilikuwa kavu kama kiazi kitamu cha kuchoma, na lilikaa ndani ya nyumba toka mavuno haya mpaka mvua nyingine bila kuoza. Lililiwa na maziwa mgando. Mbegu zake Bibi Mokami alipewa na mama yake siku alipoolewa, zimefungwa kwenye pindo la shuka, na mama yake naye alipewa hivyohivyo. Bibi aliniambia zamani, nilipokuwa nimerudi hapa karibuni, kwamba mume wake alikufa, mabinti wakaenda na majina ya watu wengine, na nyumba yenyewe ameijaza kwa ng'ombe. Lakini lile boga halikununuliwa na mtu. Ndilo alilotoka nalo kwao.

Werema alipozaliwa, Bibi Mokami aliita majirani, akamkabidhi Elieth jiko. Ilikuwa siku ya heshima. Alimshika mkono akamkalisha mbele ya mafiga, kisha yeye akatoka akaketi mlangoni, na tangu siku hiyo hakuketi tena ndani ya jiko lile. Juu ya mafiga kulikuwa na kichanja kilichokolea moshi, na kwenye kichanja palining'inia kibuyu cha mbegu, zimechanganywa na majivu ili wadudu wasizile, mdomo umezibwa kwa samadi. Wanawake wa huku wana desturi yao juu ya jambo hili. Aliyekabidhiwa jiko haulizwi habari ya kilicho juu ya jiko. Naye hamwombi mtu ruhusa, maana anayeomba ruhusa anatangaza kwamba jiko bado si lake.

Kwa miaka mingi desturi hiyo haikumuumiza mtu. Kila msimu Elieth alishusha kibuyu, akapanda, akavuna, akachagua boga zuri kuliko yote, akazirudisha mbegu zake juu ya moshi. Mbegu nyingine zilizobaki waliwakaangia watoto au waliwamwagia kuku. Ni kuku hao waliompa wazo. Aliona wanavyonenepa, manyoya yakang'aa, akajiuliza ni nini kilichomo humo ndani kinachowang'arisha hivyo. Akatwanga mbegu kwenye kinu, akaukaanga unga wake polepole, akanyunyiza maji ya moto, akaukanda mpaka vidole vikateleza, kisha akakamua kwa kitambaa. Yalitoka mafuta yasiyojaza kikombe, ya kijani iliyokolea, yananukia karanga. Alimpa Bibi Mokami achovye kidole. Bibi akalamba, akacheka kimya, akasema miaka yote ile walikuwa wakiwapa kuku samli.

Baadaye fundi mmoja wa gereji, Machage, alimchomelea mashine ya kukamua ya mkono, yenye skrubu kubwa ya kuzungusha na sufuria ya chuma yenye matundu. Hapo ndipo zile ndoo mbili zilipoanza kushuka mjini. Mbegu za tikiti zilimpa mafuta mepesi, yasiyo na rangi. Za papai zilikuwa na ukali, akaziacha. Za boga ndizo zilizotangulia zote. Mashudu yaliyobaki alimpa ng'ombe, na hakuna kilichotupwa. Wakati ule nilimwona mwenye furaha. Alikuwa akisema kwamba yeye mwenyewe aliletwa hapa kuziba pengo la watoto wa kiume, na sasa amepata kitu ambacho hakuna aliyemleta kukifanya.

Adhiambo alikuwa na kaka yake, Ochieng, mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Serengeti. Alipokuja likizo kwa dada yake alionja yale mafuta ya kijani, akaondoka na chupa. Haukupita muda akapiga simu. Alimweleza Elieth kwamba wageni wa kambini wanayapenda mno, ila hawayapikii. Wanayamwagia juu ya kachumbari yakiwa mabichi. Elieth alikuja kunihadithia huku amejishika mbavu. Kwamba mtu apande ndege aje amwagie mafuta juu ya nyanya mbichi, hilo lilimshinda.

Mwezi wa nane ulipokaribia, nyumbu walipokuwa wakivuka Mto Mara na kambi zimejaa, Ochieng alipiga tena. Alitaka madumu, si chupa, na alitaka ya boga tu. Kama angeyapata kwa wakati, kambi ingekuwa ikichukua kwake kila msimu. Kama hangeyapata, mwenye kambi angeagiza ya dukani kutoka mbali kama zamani. Elieth alikubali kabla hajafikiri. Alichokitaka si kigumu kukielewa. Mtu aliyezoea kuomba mbegu vibandani aliitiwa kazi kwa simu, na hakutaka kurudi tena kuwa mwenye ndoo.

Lakini mbegu za boga hazikuwapo. Maboga ya masika yalikuwa yameshaliwa, na mama lishe walikuwa wakipika viazi. Elieth akapita kwa majirani, nyumba kwa nyumba, akiomba yeyote mwenye mbegu za boga amuuzie. Wanawake wakaleta. Boke, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye mdomo kuliko sisi sote, alileta zake ndani ya soksi ya mume wake, akamwambia kamua na soksi, itaongeza ladha. Nilicheka nao. Mbegu zilizoletwa zilikuwa na majivu. Kila mmoja aliyeziona alijua majivu yale yana maana gani, kwamba hizo hazikuokotwa jalalani, zimeshushwa juu ya moshi. Hakuna aliyeona ni jambo kubwa. Kwetu huku mbegu hainunuliwi. Mwanamke akikosa, anapiga hodi kwa mwenzake, naye anachotewa konzi. Imekuwa hivyo tangu bibi zetu, na hata boga la Bibi Mokami lilifika hivyo kwenye nyumba za wenzake. Kila aliyeleta zake alijua akikosa ataomba kwa mwenzake, na wengi walisema wazi kwamba wataomba kwa Elieth, maana nyumba ya Bibi Mokami haijawahi kukosa.

Hata hivyo hazikutosha. Dumu la mwisho lilikuwa halijajaa na basi la kwenda Mugumu, njia ya kambini, lilikuwa la kesho.

Asubuhi hiyo Elieth alipanda juu ya kigoda akashusha kibuyu. Mambo ya saa ile amenihadithia zaidi ya mara moja, na kila mara anayahadithia kwa utaratibu uleule, kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha kitu. Bibi Mokami alikuwa mlangoni anachambua maharage, miguu ameinyoosha kizingitini. Elieth alikuja na kibuyu mikononi, akiwa anakwenda nje kwenye mashine. Bibi aliinua macho, akakitazama kibuyu. Kisha akaikunja miguu yake ili mkamwana wake apite.

Elieth akapita. Nje alibandua samadi, akapepeta majivu kwenye ungo. Alikusudia kubakiza konzi moja, akaitenga, halafu akaona sufuria ya mashine haijajaa, na mashine ile isipojaa haikamui vizuri. Akakumbuka soksi ya Boke. Akajiambia Boke hawezi kuwa ameleta zote. Akairudisha ile konzi.

Dumu lilijaa, likasafiri. Ochieng alisifu sana.

Mvua za vuli zilipoanza, Boke alivuka barabara na mikono mitupu. Akasimama uani, akasema, "Mama Werema, nipe konzi ya mbegu za boga, zangu si ulizinywa?"

Elieth akacheka. Akamwambia asimtanie, kwanza yeye ndiye alikuwa anajiandaa kwenda kwake. Boke naye akacheka. Wakacheka pamoja kwa muda, kila mmoja akimngoja mwenzake amalize mzaha. Kisha Boke akamuuliza kama ni kweli. Wakaondoka wote wawili kwenda kwa jirani wa tatu, huyo naye akacheka, halafu akachukua kanga yake akaungana nao. Nilipotoka shuleni mchana niliwakuta njiani ni kundi, wanapiga hodi nyumba baada ya nyumba, na hakuna aliyekuwa anacheka tena. Kila nyumba ilikuwa imeitegemea nyingine.

Wengine walikwenda dukani wakanunua mbegu za pakiti, shughuli ikaisha. Kwao boga ni boga. Elieth hakuweza. Alianza na kwao, Genkuru, ambako shangazi yake alimwambia siku hizi hata yeye boga analinunua gulioni, sehemu alipokuwa akilima imekuwa njia ya magari. Akaenda Nyangoto kwa mwanamke aliyesemekana ni mzaliwa wa ukoo wa mama yake Bibi Mokami. Mwanamke huyo alimpokea vizuri, akampikia, akamwonyesha shamba lililojaa magugu. Lilikuwa na kesi, akasema, na shamba lenye kesi halipandwi boga. Kila mtu anangoja kesi iishe. Mwisho Boke alimpeleka Sirari, wakavuka kwa ndugu zake upande wa Kenya. Huko walipata mbegu nyeupe zenye ukingo wa kijivu, zinazofanana kabisa na zile. Shemeji ya Boke aliwaambia hizo ni poa sana, zinashika haraka, na boga lake ni kubwa kama mtoto wa shule.

Elieth alizipanda nyuma ya nyumba, mahali palepale. Hakumwambia Bibi Mokami zimetoka wapi, wala Bibi hakuuliza. Zilitambaa vizuri. Mwezi wote wa maua Elieth alikuwa akienda kuzitazama kila asubuhi, na mimi nilimwona kupitia minyaa akigeuza majani kutafuta rangi ya ganda. Ganda lilitoka la njano.

Alilipika hata hivyo. Alilichemsha kwa maji kidogo, akalifunika kwa majani yake lenyewe kama ilivyo desturi, akalipeleka mlangoni na bakuli la maziwa mgando. Nilikuwapo, maana nilikuwa nimepita kumwamkia Bibi. Niliketi nikakaribishwa. Boga lilikuwa la majimaji, linateleza, utamu wake ni wa juujuu kama maji ya sukari. Bibi Mokami alikula kipande chote bila kuacha, akanywa maziwa, akapangusa mdomo.

"Limeiva vizuri," akasema.

"Si lenyewe, mama," Elieth akasema.

"Najua."

Nilitaka kuondoka lakini ingekuwa vibaya zaidi. Elieth alikuwa amechuchumaa, anatazama bakuli. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Kwa nini hukunikataza?"

"Ningekukataza kwa kinywa gani? Jiko nilikupa mbele ya watu. Ningesema acha, ungekuwa mtumishi wa nyumba hii." Bibi akalisogeza bakuli kando. "Nilisema moyoni, huyu ataniuliza. Akiniuliza nitamwambia abakize."

"Niliogopa kuuliza. Nilidhani utaona miaka yote hii bado sijawa wa hapa."

Bibi Mokami alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yameshaanza ukungu wakati huo. Akamwekea mkono kichwani, kama mtoto.

"Basi," akasema, "tumeheshimiana mpaka tumemaliza mbegu."

Hawakulizungumza tena, kwa nijuavyo mimi. Hakukuwa na ugomvi, na naamini hilo ndilo linalomuuma Elieth zaidi. Aligombana na Boke kwa siku chache bila sababu, wakapatana. Msimu uliofuata alijaribu mbegu kutoka sehemu nyingine, na nyingine tena. Moja ilitoa boga la rangi ya jivu, akapiga vigelegele peke yake shambani, lakini alipolipasua lilipasuka kwa kisu tu, laini. Huenda nyuki walikuwa wamelioza na yale ya njano. Nilimweleza nilichokumbuka cha chuoni, jinsi maboga yanavyochanganyika maua yakiwa karibu. Akasikiliza kwa adabu, akasema kwa hiyo hata likipatikana halitakaa.

Siku moja nilimuuliza lile la zamani lilikuwa na ladha gani hasa, maana mimi nililila mara chache. Alianza kusema lilikuwa kavu. Akafikiri. Akasema lilikuwa kavu, halafu, halafu akaishia hapo, akainuka kwenda kuzungusha mashine.

Kazi yenyewe haikusimama. Ochieng anaagiza kila msimu, na kambi ya pili imefuata. Elieth hachukui tena mbegu yenye majivu. Mwanamke akimletea anamrudisha nayo, hata akiwa amesafiri, na wako wanaomwona ana maringo. Ila kambi zinataka ya boga, na boga la njano la Sirari, ambalo hakuna anayelisifu mezani, lina mbegu nyingi kuliko boga lolote tulilowahi kulijua huku. Zimejaa kama punje za mtama, na mafuta yake hayana kasoro. Kwa hiyo analilima. Sehemu yote iliyokuwa ya mahindi sasa ni maboga, na Werema amekodi kipande kingine upande wa bondeni.

Nilikwenda kwake juzi kununua mafuta. Alikuwa uani amezungukwa na marundo ya maboga, anayapasua mojamoja, anakomba mbegu kwa mkono kwenye beseni, na nyama yake, yote, anairusha upande wa pili kwenye hori la ng'ombe. Ng'ombe wawili walikuwa wanakula, na midomo yao imekuwa ya njano. Bibi Mokami alikuwa ameketi mahali pake mlangoni. Haoni tena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa jina langu, akaniuliza habari za shule, kisha akageuza uso kuelekea horini akasikiliza.

"Elieth," akasema, "ng'ombe wanakula nini leo?"

Elieth alikuwa ameshika nusu ya boga mkononi. Aliliweka chini taratibu, lisitoe sauti.

"Majani, mama," akasema.

Bibi Mokami akatikisa kichwa kukubali. Ng'ombe waliendelea kutafuna, na sauti ile ya kutafuna kitu chenye maji ilisikika uani kote. Tulikaa pale, watatu, tunaisikiliza. Kisha Bibi akaikunja miguu yake kutoka kizingitini, ingawa hakuna aliyekuwa anapita.